Japani alishindwa vita vya Pasifiki siku gani hasa? Na mbona amani yake ina viraka mpaka leo?

#1 Nahodha wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Vita vya Pasifiki, 1941 hadi 1945, kila anayevisimulia ana siku yake ya kusema "hapa ndipo Japani alipokwisha". Wapo wa Midway, wapo wa Hiroshima.

Dai langu ni kwamba alikwisha siku ya kwanza kabisa, Pearl Harbor, 7 Desemba 1941. Alipeleka manowari sita za kubeba ndege, akaua Wamarekani zaidi ya 2,400, akazamisha manowari kubwa zikiwa zimetia nanga. Lakini matangi ya mafuta yaliyokuwa wazi juu ya ardhi hakuyagusa. Karakana za meli aliziacha, na kituo cha nyambizi pia. Na manowari za Marekani za kubeba ndege hazikuwapo, zote zilikuwa San Diego. Unaingia vita vya bahari inayochukua karibu theluthi ya uso wa dunia, unapiga meli unaacha mafuta?

Swali la pili: baada ya kuuana vile, ilikuwaje Marekani na Japani wakawa marafiki ndani ya miaka sita, ilhali Japani na majirani zake bado wanagombania visiwa? Ile amani aliitengeneza nani, na kwa faida ya nani?

Karibuni.

#2 Mpita Njia

Naweka kambi hapa. Wajuzi shukeni.

#3 Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi, shukrani kwa mada. Kwanza turekebishe: haikuwa zote San Diego. Iliyokuwa huko ni Saratoga. Enterprise ilikuwa njiani kurudi kutoka kisiwa cha Wake ilikopeleka ndege, na Lexington ilikuwa inapeleka ndege Midway. Enterprise ilikuwa karibu kiasi kwamba baadhi ya ndege zake ziliingia Pearl Harbor katikati ya shambulio.

Pili, ukitaka siku ya kushindwa, rudi nyuma zaidi. Japani alikuwa vitani China tangu 1937 na hakuwa na njia ya kutoka. Julai 1941 akaingiza jeshi kusini mwa Indochina, Marekani akazuia mali zake na mafuta yakakatika. Takribani asilimia 80 ya mafuta ya Japani yalikuwa yanatoka Marekani! Kuanzia hapo jeshi la wanamaji likawa linachoma akiba. Ama aondoke China, ama achukue visima vya Waholanzi kule Sumatra na Borneo kwa nguvu. Akachagua la pili. Pearl Harbor ilikuwa ya kumziba mlinzi macho wakati mzigo unabebwa kwingine.

#4 Chui wa Usambara

Mnazunguka bure. Vita ni Midway, Juni 1942, full stopu.

Wavunja misimbo wa Marekani Hawaii, chini ya Joseph Rochefort, walikuwa wanasoma sehemu ya mawasiliano ya Wajapani. Waliona shambulio linakuja mahali palipopewa herufi AF, wakashuku ni Midway. Wakaagiza Midway watangaze redioni, bila kuficha, kwamba mtambo wa maji safi umeharibika. Haukuchukua muda Wajapani wakaripotiana kuwa AF ina upungufu wa maji. Basi. Wamarekani wakaenda kuwasubiri.

Manowari za Japani za kubeba ndege, Akagi, Kaga, Soryu, Hiryu, zote nne chini. Zote zilikuwa Pearl Harbor. Marekani akapoteza Yorktown. Baada ya hapo Japani hakufanya tena baharini shambulio kubwa la kujichagulia mwenyewe.

#5 Baharia wa Tanga

Nimefanya kazi kwenye meli za mafuta, Ghuba kwenda Chiba, kwa hiyo niruhusuni niseme kama mtu anayeijua njia yenyewe. Kutoka Singapore mpaka Japani ni siku nyingi za bahari tupu, na ukishatoka Malaka huna pa kujificha. Meli ya mafuta ni nzito, haina mbio, na ikipigwa hujui kama utapata hata dakika ya kuruka.

Japani alivipata visima. Februari 1942 aliangusha askari wa miavuli Palembang, akachukua na Balikpapan na Tarakan. Mafuta yakawa yake. Tatizo ni kuyafikisha nyumbani. Alianza vita na meli za biashara za takribani tani milioni 6, na hizohizo zilitakiwa zibebe mchele, makaa, chuma, bauxite, askari, risasi na mafuta. Ulinzi wa misafara aliudharau. Maofisa wake walilelewa kwenye wazo la pambano moja kubwa la manowari litakalomaliza kila kitu, kama Tsushima ya 1905 walipomzamisha Mrusi. Kusindikiza meli za mizigo ilionekana kazi ya watu duni.

Nyambizi za Marekani zilikuwa na watu wasiofikia asilimia 2 ya jeshi lao la wanamaji, na zilizamisha zaidi ya nusu ya meli za biashara za Japani zilizozama. Na hawakuanza vizuri, wapendwa. Topido zao aina ya Mark 14 zilikuwa mbovu mpaka 1943: zinapita chini mno, zinalipuka kabla ya wakati, au zinagonga ubavu wa meli bila kulipuka. Walipozirekebisha ndipo balaa likaanza. Nyambizi 52 hazikurudi.

Kufikia 1944 manowari za Japani zilikuwa zinakaa Lingga, karibu na Singapore, mbali na nchi yao, kwa sababu huko ndiko mafuta yaliko! Zilipokwenda kupigana Bahari ya Ufilipino Juni 1944, baadhi zilikuwa na mafuta ya Borneo yasiyosafishwa sawasawa, yenye mvuke wa kuwaka. Taiho, manowari mpya kabisa ya kubeba ndege, ilipigwa topido moja tu. Mvuke ukasambaa ndani, saa kadhaa baadaye ikalipuka. Na mwanzoni mwa 1945 watu nyumbani Japani walikuwa wanachimba mizizi ya misonobari wakamue mafuta ya ndege.

Kwa hiyo Chui, Midway yako naiheshimu. Lakini aliyemmaliza Japani ni baharia wa nyambizi ambaye hata picha yake hatuijui.

#6 Mchambuzi Huru

Baharia kanena. Mimi naongeza hesabu tu. Chukulia Midway Japani kashinda. Halafu? Marekani alijenga manowari ndogo za kubeba ndege aina ya Casablanca 50, zote zikaingia kazini kati ya Julai 1943 na Julai 1944. Hamsini kwa mwaka mmoja, kiwanda kimoja! Hapo hatujagusa zile kubwa za Essex. Midway ingechelewesha tu.

#7 Chui wa Usambara

@Mchambuzi Huru hesabu zako nzuri lakini vita si duka la jumla. Kwa hesabu hiyo Marekani angeshinda Vietnam.

Mkakati wa Japani haukuwa kuteka Washington. Walitaka wachukue eneo haraka, wazungushe ngome ya visiwa, halafu Mmarekani achoke kulipa damu kisiwa kwa kisiwa, akubali kuzungumza. Waliifanya kwa Mrusi 1904 na 1905, na ikazaa mkataba wa Portsmouth. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwa nini Mmarekani hakuchoka, na jibu ni Pearl Harbor. Ukishampiga mtu akiwa kitandani siku ya Jumapili, hazungumzi na wewe mpaka umelala chini. Hapo kidogo nakubaliana na mleta uzi, ila kwa sababu tofauti na yake.

#8 Mwalimu wa Zamu

Chui, na ile ngome haikuvunjwa kisiwa kwa kisiwa, ilirukwa. Rabaul ilikuwa na Wajapani karibu laki moja, ngome ya kutisha. Wamarekani wakaipiga kwa ndege, wakakata njia za meli, wakapita. Wale askari wakabaki wanalima viazi na mboga mpaka vita vinaisha, bila kufyatua risasi ya maana.

Kulikuwa na njia mbili: Jenerali MacArthur akipita New Guinea kwenda Ufilipino, Admirali Nimitz akipita katikati ya bahari, Tarawa, Kwajalein, Saipan. Wengine husema ilikuwa busara kumchanganya adui asijue pa kukinga. Wengine husema ni kwa sababu jeshi la nchi kavu na la wanamaji hawakukubaliana nani awe mkubwa, wakagawana bahari. Nadhani yote mawili ni kweli. Lakini wa Japani walizidi: jeshi la nchi kavu lilifikia kujijengea nyambizi zake lenyewe za kupeleka chakula visiwani, kwa vile halikuwaamini wanamaji.

Na si kila kisiwa kilistahili kupigwa. Tarawa, Novemba 1943, maji yalikuwa machache juu ya mwamba, mashua zikakwama, vijana wakatembea mamia ya mita kifuani majini wakipigwa risasi. Karibu elfu moja walikufa kwa siku tatu, kwa kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja. Peleliu 1944 mpaka leo wanabishana kama ilikuwa na haja.

#9 Kijana wa Likoni

Wabara mnaongea Hawaii na Saipan mnasahau Kilindini.

Aprili 1942, kabla ya Midway, manowari tano kati ya zile sita za Pearl Harbor ziliingia Bahari ya Hindi. Zikapiga Colombo tarehe 5, Trincomalee tarehe 9, zikazamisha manowari za Kiingereza Hermes, Cornwall na Dorsetshire. Admirali Somerville wa Uingereza akaona hawezi kukaa Ceylon (Sri Lanka ya leo), sehemu ya meli zake akazileta Mombasa. Na wavunja misimbo wao wakaja pia. Mnajua walikaa wapi? Shule ya Allidina Visram, juu ya bahari. Nimesoma pale. Tulikaa madarasani miaka yote ile, hakuna aliyetwambia.

Redio ilikuwa inakamata vibaya kutoka huku kwa ajili ya umbali, lakini waliuvunja msimbo wa JN-40, wa meli za mizigo za Japani. Baharia wa Tanga, zile meli zako za mafuta, baadhi ya habari zake zilisomwa Mombasa. 1943 wakarudi Colombo.

#10 Bint Makunduchi

Kijana wa Likoni hiyo ya Allidina nimeipenda wallahi.

Kwa hiyo Mjapani alikuwa anakuja huku kweli? Marehemu bibi hakuwa na habari za manowari. Alichokikumbuka yeye ni vitambaa. Miaka ya thelathini nguo za Japani zilijaa madukani Unguja kwa bei ya chini, halafu ghafla hakuna, na za Kiingereza hazishikiki. Alivaa khanga moja mpaka ikawa nyavu.

#11 Mwalimu wa Zamu

Bint, kuja kuteka ardhi hakuna ushahidi kwamba alipanga. Jeshi lake la nchi kavu lilikuwa na zaidi ya watu milioni moja China na Manchuria, lisingetoa askari wa Afrika. Lakini nyambizi zilifika. Mei 1942 Waingereza walivamia Diego Suarez, Madagaska, wakiogopa serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Mjerumani, isije ikawapa Wajapani bandari. Usiku wa 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani zikaingia bandarini, zikaijeruhi manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Juni na Julai wakazamisha meli zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji. Keya wetu, askari wa King's African Rifles, walipelekwa kumalizia Madagaska, ikasalimu amri Novemba.

Na si khanga tu, Bint. Java na Ufilipino zilipoanguka, kamba za meli za washirika zikakosa katani. Tegemeo likabaki Afrika Mashariki, hasa Tanganyika. Watu walichukuliwa kwa nguvu za serikali kwenda kukata mkonge. Hao nao walikuwa kwenye vita vya Pasifiki, bila bunduki.

#12 Mwana wa Keya

Nilikuwa nasoma tu, lakini mmefika nyumbani.

Babu mzaa baba alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kifaru begani. Walifunzwa Ceylon, kisha Agosti 1944 wakaingizwa bonde la Kabaw kuwafukuza Wajapani waliokuwa wanarudi kutoka Imphal. Masika ya kule. Alichosimulia zaidi si mapigano, ni matope. Magari yanazama mpaka kwenye vioo, mnayasukuma, mnayaacha. Ruba wanaingia hata kwenye matundu ya kamba za viatu. Kila siku afande anasimama mbele yako mpaka umeze kidonge cha manjano cha malaria, kufungua mdomo aone, na baada ya wiki kadhaa macho na ngozi vinakuwa manjano nyote, mweusi na mzungu. Chakula kinaangushwa na ndege. Gunia likiangukia msituni mnasikia tu kishindo, mnakwenda kulitafuta huku mnajua Mjapani naye kalisikia, na ana njaa kuliko nyinyi.

Mapema Desemba 1944 walifika Kalewa kwenye mto Chindwin, na pale likajengwa daraja la Bailey, refu kuliko yote ya aina hiyo kwa wakati ule. Babu alivuka juu yake.

Wapo ambao hawakufika hata Ceylon. Khedive Ismail iliondoka Mombasa Februari 1944. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi I-27 ikaipiga topido mbili, ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, wamo wauguzi wanawake, na zaidi ya 600 ni askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari za ulinzi zilipoisaka ile nyambizi zililazimika kudondosha mabomu palepale walipokuwa wanaelea walionusurika. Majina yao yako makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Mleta uzi anauliza Japani alikwisha siku gani. Februari 1944, kwa waliokuwa kwenye meli ile, hakuwa amekwisha.

#13 Nahodha wa Pangani

Mwana wa Keya, shukrani sana. Mungu amrehemu mzee.

#14 Mtu wa Katanga

Ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi. Mmehesabu katani, mmehesabu askari. Hesabuni na udongo wetu. Uranium ya bomu la Hiroshima, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, hapa Katanga. Mkubwa wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi, Edgar Sengier, alishapeleka zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo New York tangu 1940, zikakaa ghalani Staten Island zikisubiri mnunuzi. Yalikuwa na uranium nyingi kupita ya Kanada mara nyingi sana. Waliochimba kwa mikono yao hawakuambiwa ni ya nini. Kwenye sherehe za kumaliza vita sijaona walipotajwa.

#15 Mchambuzi Huru

Mtu wa Katanga umefungua mlango wa bomu. Je, bomu ndilo lililomaliza? Hiroshima 6 Agosti, Urusi inatangaza vita 8 Agosti na kuingia Manchuria tarehe 9, siku hiyohiyo Nagasaki. Japani alikuwa anamtegemea Mrusi awe msuluhishi, balozi wake Moscow alikuwa anabembeleza mlango huo. Ulipofungwa hakikubaki kitu. Tokyo yenyewe ilichomwa usiku wa 9 kuamkia 10 Machi, wakafa karibu laki moja, na hawakusalimu amri. Kwa nini mji mmoja zaidi ungewatikisa?

#16 Chui wa Usambara

Kwa sababu lilikuwa bomu moja, ndege moja. Hata baraza lao la watu sita, baada ya Nagasaki na baada ya Mrusi, bado liligawanyika tatu kwa tatu mpaka Mfalme alipoamua mwenyewe usiku ule. Na hotuba yake ya 15 Agosti ilitaja bomu jipya la kikatili, haikumtaja Mrusi.

#17 Mchambuzi Huru

Lakini tangazo lake kwa wanajeshi, 17 Agosti, lilimtaja Mrusi na halikutaja bomu. Kila kundi liliambiwa sababu ya kulifaa.

#18 Baharia wa Tanga

Na wote wawili mmesahau mabomu ya baharini yaliyodondoshwa na ndege kuanzia Machi 1945 kwenye milango ya bandari kuu za Japani. Operesheni yenyewe waliiita Njaa. Nchi ya visiwa, meli haziingii. Mngewapa mpaka mwakani wangekufa kimyakimya.

#19 Nahodha wa Pangani

Hapo hatutamalizana. Twendeni kwenye amani, ndiko nilikotaka mfike.

Nilisoma mahali kwamba nchi 52 zilisaini mkataba San Francisco, Septemba 1951. Kama dunia nzima ilisaini, ugomvi wa visiwa unatoka wapi?

#20 Mwalimu wa Zamu

Zilizohudhuria ni 52 na Japani ndani yake. Zilizosaini 8 Septemba 1951 ni 49. Urusi, Poland na Czechoslovakia zilikuja zikakataa. Ila angalia ambao hawakuwamo kabisa. China haikualikwa, si ya Beijing wala ya Taipei, kwa sababu Uingereza aliitambua moja na Marekani nyingine. Yaani nchi iliyopigana na Japani muda mrefu kuliko wote haikuwa na kiti. Korea zote mbili hazikualikwa. India ilikataa kuja, ikasaini wake 1952. Burma alikokwenda babu yake Mwana wa Keya nayo ilikataa, ikasubiri mpaka 1954 kwa sababu ya fidia.

Sasa soma kifungu cha 2. Japani anaachia Taiwan. Anaachia visiwa vya Kuril. Anaachia Spratly na Paracel. Anamwachia nani? Mkataba hausemi! Aliyeusuka ni John Foster Dulles, mjumbe wa Marekani, na vita vya Korea vilikuwa vinawaka. Huwezi kuandika "China apewe" wakati unapigana na China. Basi wakaacha wazi. Kila mahali walipoacha wazi, leo pana manowari zinazungukana. Urusi na Japani mpaka leo hawana mkataba wa amani, wana tamko la 1956 tu.

Kifungu cha 14 nacho kinasema Japani anawajibika kulipa fidia lakini hana uwezo wa kulipa yote, kwa hiyo wengi wakasamehe. Ufilipino ikabana ikapata dola milioni 550 kwa makubaliano ya 1956. Versailles ya 1919 ilikuwa inawatisha. Hawakutaka kumkamua aliyeshindwa mpaka azae Hitler mwingine.

#21 Mkulima wa Mbarali

Mimi nalima mpunga, mikataba nawaachia. Naona amani ya Japani ilitengenezwa mashambani. Kabla ya vita karibu nusu ya ardhi ya kilimo ililimwa na wapangaji, wakimpelekea mwenye shamba sehemu kubwa ya mchele. Vijana wa nyumba hizo ndio walijaa jeshini. Kuanzia 1946 serikali, kwa msukumo wa MacArthur, ikainunua ardhi ya wenye mashamba wakubwa na kuwauzia wakulima. Mfumuko wa bei ukala deni, mtu akamaliza kulilipa kwa mchele kidogo tu. Kufikia 1950 ardhi ya upangaji ilibaki karibu moja ya kumi. Mtu mwenye shamba lake na hati yake mkononi utamwambia nini aende Manchuria? Angalieni na wanawake: Aprili 1946 walipiga kura mara ya kwanza, 39 wakaingia bungeni.

#22 Mchambuzi Huru

Mkulima, ardhi ilituliza kijiji. Kilichofufua viwanda ni Korea. 1950 Toyota ilikuwa inakaribia kufilisika, ikaja oda ya malori ya jeshi la Marekani. Bila Juni 1950 hakuna Toyota unayoijua.

#23 Kijana wa Likoni

Kwa hiyo matatu yote tunayopanda ni matunda ya vita vya Korea. Wajukuu wa keya wanabanana ndani ya gari la aliyepigana na babu zao.

#24 Mpita Njia

Mnaofahamu, Noah ya 2004 inakunywa mafuta kiasi gani kwa safari ya Dar na Moro?

#25 Chui wa Usambara

Mpita Njia fungua uzi wako kule kwenye magari.

#26 Dada wa Naha

Nimeishi Okinawa kwa masomo, na niseme jambo kwa Mkulima na Mchambuzi kwa heshima. Amani mnayoisifu ililipiwa na kisiwa kimoja. Aprili hadi Juni 1945 walikufa pale raia kwa makumi ya maelfu, wengi husema laki moja au zaidi, wengine wakilazimishwa na jeshi lao wenyewe wajiue mapangoni. Halafu San Francisco, kifungu cha 3, Okinawa ikabaki chini ya Marekani. Mkataba ulipoanza kazi 28 Aprili 1952 Tokyo ilipata uhuru wake. Okinawa siku hiyo wanaiita siku ya fedheha. Ilirudishwa 15 Mei 1972, kambi zikabaki. Eneo lao ni asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani na wanabeba karibu asilimia 70 ya ardhi ya kambi za Marekani nchini.

Pale Mabuni kuna kuta za mawe meusi juu ya mwamba wa bahari, zina majina zaidi ya 240,000: raia wa Okinawa, askari wa Japani, Wamarekani, Wakorea. Ya wenyeji yamepangwa kwa vijiji. Nilimwona bibi mmoja amekaa kwenye mkeka mdogo mbele ya jina, kaweka chai na machungwa, anazungumza nalo kama anavyozungumza na mtu. Nyuma yetu ndege za kambi zinapita, ananyamaza zinapopita, kisha anaendelea. Huyo ukimwambia vita viliisha 1951 atakuuliza vya nani.

#27 Bint Makunduchi

Dada wa Naha, ahsante kwa huyo bibi.

Nami nimesoma kidogo tangu jana. Kule San Francisco alisimama J. R. Jayewardene wa Ceylon, nchi iliyopigwa Aprili 1942 kama alivyosema Kijana wa Likoni, akasema wao hawadai fidia, akanukuu mafundisho ya Buddha kwamba chuki haikomi kwa chuki, hukoma kwa upendo. Wajapani hawakumsahau. Mbona hatujamtaja kwenye waliotengeneza amani?

#28 Mchambuzi Huru

Kwa sababu mkataba ulikuwa umeshaandikwa kabla hajapanda jukwaani, Bint. Maneno mazuri, lakini siku ileile ya kusaini, Yoshida, waziri mkuu wa Japani, alisaini mkataba mwingine na Marekani wa kuacha majeshi nchini. Huo wa pili ndio uliokuwa bei ya ule wa kwanza.

#29 Mwana wa Keya

Tukizungumza bei. Waafrika waliosaini San Francisco ni Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu. Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland hazikuwapo, Uingereza alisaini kwa niaba ya wote. Watu wa Kabaw, wa Khedive Ismail, wa mkonge, wa Shinkolobwe, hakuna aliyeulizwa anataka nini. Babu alilipwa chini ya Mzungu wa cheo hichohicho, akarudi kijijini na koti la jeshi.

Lakini hawakurudi walivyokwenda. Waruhiu Itote alikuwa koplo wa keya Burma, baadaye mkamjua kwa jina la Jenerali China wa Mau Mau. Walimwona Mwingereza amekimbia Singapore, wakaona Wahindi wanadai nchi yao. Mchambuzi atasema ni viwanda, Mkulima atasema ni ardhi. Mimi nasema amani ya huku kwetu ilitengenezwa miaka kumi baadaye, na ilianza kwa vita vingine.

#30 Chui wa Usambara

Mwana wa Keya, hapo kwa Itote tupo pamoja. Ila hatujamgusa Mfalme. Hirohito hakushtakiwa. Mahakama ya Tokyo iliwafikisha watu 28, saba wakanyongwa Desemba 1948 akiwamo Tojo, waziri mkuu wa wakati wa vita, na yule ambaye vita vilipiganwa kwa jina lake alibaki kwenye kiti mpaka 1989. MacArthur aliona akimgusa atahitaji askari wengi zaidi wa kuitawala nchi. Huenda hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini Mkorea na Mchina wanapoambiwa Japani ameomba radhi, huuliza kwanza aliyeomba ni nani. Jaji Pal wa India naye aliwaachia wote, akisema washindi hawawezi kuwahukumu wengine kwa sheria iliyotungwa baada ya tendo. Mwalimu, hapo unasemaje?

#31 Mwalimu wa Zamu

Pal hakusema hawakutenda. Aliyakubali maovu ya Nanking na Manila kuwa yalitokea. Alichokataa ni mamlaka ya mahakama na shitaka la njama. Watetezi wa vita kule Japani wanamtumia nusu. Nina vipindi viwili sasa hivi, jioni nitaweka maelezo ya majaji wengine, maana hata Mholanzi na Mfaransa walipinga sehemu ya hukumu.